Je, Nia Njema Yamtosha Mtengeneza Dawa?



Katika jamaa nyingi za Wakristu siku hizi kuna ubishi wa namna moja. Kijana wao amemaliza univerzite, amepata cheti cha kazi ya dawa. Jamaa yote ilijinyima kwa ajili yake: baba aliuza mbuzi, mama aliuza unga sokoni, mjomba alitoa franka zake. Sasa wanangoja matunda. Naye kijana anawaletea neno jipya: anataka kurudi shuleni, miaka miwili au zaidi, ajifunze kutengeneza dawa. Si kuziuza, wala kuzigawa hospitalini, bali kuzitengeneza. Wazee wanamtazama. Wanamwuliza: Umesoma miaka mitano juu ya dawa, na bado hujui kuzitengeneza? Wengine wanasema wazi kwamba anaikimbia kazi, ama anatafuta cheo. Tena wanaleta neno la dini: wagonjwa ni wengi leo, na Bwana wetu Yezu Kristu atatuuliza tumewatendea nini wagonjwa, hatatuuliza vyeti.

Neno hilo si dogo, wala hatuwacheki wazee wanaolisema. Lafaa kupimwa vizuri, kwani ndani yake mna swali la zamani ambalo walimu wa Kanisa walilifikiri sana: mtu mwenye nia njema akifanya kazi asiyoijua vema, na mwenzake akaumia, je, ana kosa?

Lakini kwanza yatupasa kujua kidonge ni kitu gani, maana wengi wetu tunameza tu. Twafikiri kidonge ni dawa tupu iliyogandishwa. Sivyo. Mara nyingi dawa yenyewe ni kidogo sana, kama punje chache za chumvi, hata mtu asingeweza kuishika vizuri kwa vidole. Basi inachanganywa na vitu vingine: wanga wa mahindi, sukari ya maziwa, gundi ya kushikamanisha unga, kitu kinachovimba kikipata maji ili kidonge kipasuke tumboni, na unga kidogo wa mafuta, uitwao magnezi stearati, ili kidonge kisigande katika chuma cha mashini. Asiyejua atasema: hivyo ni vitu vya kando, havina neno. Lakini unga ule wa mafuta ukichanganywa muda mrefu kupita kiasi, unazifunika chembe zote kama vile mafuta yanavyofunika ngozi. Maji hayaingii upesi, na kidonge kinachelewa kuyeyuka. Chaweza kupita tumboni na kutoka na dawa yake ndani. Mgonjwa amelipa, amemeza, amesali, na hakupata kitu. Nawe ukikitazama kidonge kile, ni kizuri, cheupe, hakina hata ufa.

Tena kuna shida ya kuchanganya. Mama apikaye mboga anajua kwamba chumvi isipokorogwa vizuri, huyu atakula chumvi tupu, na yule atakula mboga isiyo na ladha. Lakini mama anaonja kabla ya kupakua. Mtengeneza dawa hawezi kuonja. Vidonge vyatoka katika mashini kwa maelfu na maelfu, na ukikivunja kimoja ili ukipime, hicho hakitamponya mtu tena. Kwa hiyo analazimika kujua kwa njia nyingine: apime vichache kwa hesabu iliyo sawa, na azishike taratibu za kazi yake hivi kwamba vile asivyovipima viwe sawa na vile alivyovipima. Hiyo ni elimu kubwa. Haipatikani kwa kutazama siku mbili.

Na joto je? Dawa yaweza kuwa nzima siku inapotoka kiwandani, kisha ikafa njiani, katika lori, au katika duka la mabati. Kwa sababu hiyo wenye elimu hiyo huiweka dawa katika chumba chenye joto la digri 40 na unyevu wa 75 kwa mia, muda wa miezi 6, waone kama itaharibika. Huiweka pia miezi mingi zaidi katika joto la digri 30, kwa ajili ya nchi zetu za joto. Sisi tunanunua vidonge vilivyoanikwa juani sokoni kama dagaa, halafu tunashangaa homa inarudi. (Juu ya desturi hiyo tumekwisha sema mara nyingi baada ya Misa, na watu wanaitika, kisha wanakwenda sokoni.)

Wala kazi hiyo si kuogopa ubaya tu. Mama aliyewahi kumpa mtoto mdogo dawa ya malaria anajua vita ile. Zamani alikiponda kidonge kwa kijiko, akakitia katika maji, mtoto akaonja uchungu akakitema, na mama hakujua ni kiasi gani kimeingia. Mwaka 2009 ikatoka dawa ya artemetheri na lumefantrini kwa watoto, ya kidonge kinachoyeyuka chenyewe katika maji kidogo, chenye ladha tamu ya tunda. Dawa ya ndani ilikuwa ile ile ya wakubwa. Kilichobadilika ni umbo lake. Watu walikaa na kufikiri juu ya mdomo wa mtoto na kijiko cha mama yake, wakafanya kazi miaka kwa ajili ya uchungu ule. Sisi twaona kwamba huo ni upendo, ijapokuwa waliofanya hivyo hawakumwona hata mmoja wa watoto hao.

Sasa turudie swali letu. Mwaka 1937, huko Marekani, kampuni ya Massengill ilikuwa ikiuza dawa iitwayo sulfanilamidi, iliyowasaidia watu wengi katika magonjwa ya koo na mengineyo. Ilikuwa ya vidonge na ya unga. Watu wakaomba dawa ya maji, kwani watoto hawapendi vidonge. Ombi hilo lilikuwa jema. Mkubwa wa wakemia wa kampuni, jina lake Harold Watkins, akatafuta maji ya kuyeyushia dawa ile, akaona yayeyuka vizuri katika diethilini glikoli, kitu kitamu kama asali kinachotumika viwandani. Wakatia ladha ya tunda. Wakapima: rangi ni nzuri, harufu ni nzuri, utamu ni mzuri. Hawakupima kama ni sumu. Sheria ya siku zile haikuwalazimisha. Nayo ilikuwa sumu ya kuua figo. Walikufa watu zaidi ya 100, wakubwa kwa watoto. Walikuwa wametengeneza galoni 240, karibu litri 900. Watumishi wa serikali wakazunguka nchi nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, wakaikusanya karibu yote. Ile kidogo iliyokwisha nywewa ndiyo iliyoua wote hao. Watkins mwenyewe akajiua. Mwaka 1938 Marekani wakaweka sheria mpya: kabla ya kuuza dawa, onyesha kwanza kwamba haidhuru.

Je, mtu huyo alikuwa mwuaji? Hakutaka kumwua mtu ye yote. Alitaka watoto wameze bila shida. Nia yake haikuwa na doa, hata angeungama siku ile asingaliitaja kazi yake. Lakini kuwapa wanyama wachache dawa ile kwanza, au kusoma yaliyokwisha andikwa na wengine, kungalimwonyesha hatari. Njia ya kujua ilikuwapo, karibu naye, naye hakuipita.

Hapo Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia, mwalimu wa karne ya 13 ambaye hakukiona kidonge hata kimoja. Yeye anafundisha kwamba kutokujua si namna moja. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyajua hata akijitahidi: huo ni ujinga usioshindika, nao si dhambi. Kuna mambo mengine ambayo si lazima kila mtu ayajue, naye anatoa mfano wa hesabu za jometri. Lakini kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyajua, tena yampasa kuyajua. Asipoyajua kwa uvivu au kwa kutojali, huo ujinga wenyewe ni kosa. Na yale yanayompasa kila mtu ni yapi? Mambo ya imani, amri zilizo za watu wote, na tena mambo ya kazi yake na hali yake. Tulipojifunza neno hilo seminarini tulilipita upesi. Tuliona ni la mapadri na la waamuzi. Kumbe lamhusu na mchanganya unga.

Basi kwa mwenye kazi hiyo, elimu si pambo la upendo, kama ua kifuani. Ni deni la haki. Fundi wa viti akikosea, mwenye kununua anakalia kiti, anaona chayumba, anakirudisha. Mwenye kumeza dawa hana la kurudisha. Hawezi kuona, hawezi kuonja, hawezi kuuliza. Amemwachia mwingine macho yake. Aliyeyapokea macho ya watu namna hiyo hana ruhusa ya kusema: Sikuona.

Lakini mtu atasema: mambo ya mwaka 1937 yamepita, watu wamejifunza. Laiti ingekuwa hivyo. Sumu ile ile imerudi mara nyingi. Haiti, mwaka 1995 na 1996, iliua watoto zaidi ya 80 katika dawa ya homa. Nigeria, mwaka 2008, ilikuwamo katika dawa ya watoto wanaoota meno. Gambia, mwaka 2022, walikufa watoto karibu 70 waliopewa dawa za maji za kikohozi na mafua zilizotoka ng'ambo. Sababu ni nyepesi hata inaumiza: sumu hiyo yafanana kwa macho na kwa utamu na gliserini, ambayo ni safi, nayo ni rahisi kwa bei. Pipa likiingia kiwandani, mtu asipolipima kabla ya kulitumia, maandishi ya juu ya pipa ndiyo yanayoaminiwa.

Na kwetu Kongo? Mwisho wa mwaka 2014, katika Ituri, wagonjwa walianza kufika hospitalini shingo zimepinda, uso umekaza, ulimi umetoka nje. Wengi wao walikuwa watoto. Waganga walifikiri ni ugonjwa wa utando wa ubongo, kama ilivyo desturi ya nchi za homa ile. Hata kufika Agosti mwaka 2015 walikuwa wamepokelewa watu zaidi ya 1,000, na wengine walikufa. Vilipopelekwa vidonge katika laboratwari, ikajulikana: vile vilivyoandikwa diazepamu havikuwa diazepamu. Ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wenye ugonjwa wa akili, ambayo ikizidi humkaza mtu shingo na uso namna ile.

Mwaona tofauti, ndugu wasomaji? Watkins aliweza kujua. Lakini mwuguzi wa dispensari katika Ituri, aliyekitoa kidonge cha manjano katika kopo lililoandikwa vizuri, angalijuaje? Hana laboratwari. Laboratwari ya kupima ilikuwa mbali mno. Kwake yeye ujinga ule haukushindika, na mbele ya Mungu hana kosa. Sawa. Lakini tusitulie hapo upesi. Neno hilo ni la kweli kwa mwuguzi mmoja, katika siku moja. Je, ni la kweli kwa nchi nzima, katika miaka 60? Ujinga ambao mtu mmoja hawezi kuushinda, watu wengi pamoja waweza kuushinda, wakimtuma mmoja wao akasome, wakimwekea laboratwari, wakimlipa mshahara, wakimsikiliza anaposema. Wasipofanya hivyo, ule ujinga wa mwuguzi haushindiki kwa sababu yao. Kosa halikupotea. Limehama tu kutoka dispensari, limekuja kukaa katika baraza letu, ambapo wazee wanamwambia kijana: Umesoma kutosha.

Shirika la Afya la Dunia lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zisizo na mali nyingi, dawa 1 katika 10 ama ni ya uongo, ama haikutimiza kipimo chake. Hatuwezi kuomba Rozari juu ya dawa hiyo ya kumi ili igeuke. Yahitaji mtu wa kuitambua, na mtu wa kutengeneza iliyo njema mahali pake. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chafundisha kwamba Mungu ndiye aliyetoa dawa katika ardhi, na chamtaja hata mchanganya dawa karibu na mganga, kama watu ambao Mungu anawatumia.

Kuna wanaosema: asome, lakini atafanya kazi wapi? Hatuna viwanda. Wanasahau. Huko Bukavu miaka mingi walitengeneza kinini kwa maganda ya mti wa kinkina uliopandwa katika milima ya Kivu, na kinini hiyo iliponya watu mbali na Kongo. Tena si kiwanda tu kinachomhitaji mtu huyo. Serikali yamhitaji ili akague mapipa mpakani na viwandani, maana hata ukaguzi ni kazi ya mtu aliyewahi kuichezea mashini na kuona unavyoharibika unga. Wala si lazima avuke bahari. Huko Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, kuna shule ya dawa iliyoanzisha mafundisho ya juu ya kutengeneza dawa pamoja na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, na mtawa mmoja Mkatoliki, Sista Zita Ekeocha, alikuwa kati ya walioyaongoza. Wanafunzi wakasoma sheria za dawa na hesabu za kupima, tena wakatengeneza vidonge kwa mikono yao, na waliotoka viwandani wakakaa darasa moja na wakaguzi wa serikali. Shauri hilo latupendeza sana, kuliko vyeti vinavyopatikana kwa kusoma vitabu tu.

Lakini hatusemi kwamba jamaa haina haki. Kijana ana deni kwa wazazi wake; amri ya nne haikuondolewa na univerzite. Ikiwa wadogo zake wamefukuzwa shuleni kwa kukosa karo, naye anakwenda mbali kwa furaha yake, hapo pana ubaya. Mara nyingine afanye kazi kwanza mwaka au miwili hospitalini, awatoe wadogo katika shida, ndipo aende. Hatapoteza kitu, ataona kwa macho yake vidonge vinavyovunjika kabla ya kutoka katika kopo, na shuleni atajua la kuuliza. Tena yafaa aahidi kurudi, na mapatano hayo yafanyike mbele ya mashahidi. Twajua wengine waliokwenda Ulaya kwa sadaka za watu na hawakuonekana tena. Wazee hawakuota hofu hiyo, waliiona.

Na liko jambo ambalo latuogopesha zaidi kuliko fedha. Katika viwanda vilivyotoa dawa mbaya hakukosekana watu wenye vyeti. Elimu yaweza kumwonyesha mtu kosa, haiwezi kumfungua mdomo. Tuseme kijana wetu amesoma, amepewa kazi kiwandani. Ni usiku. Wametengeneza vidonge 500,000. Anapima, anaona haviyeyuki kwa muda uliowekwa. Kila hatua yapaswa kuandikwa katika kitabu, saa na kipimo, na jina la aliyepima. Akiandika kweli, vyote vitatupwa, fedha nyingi zitapotea, na mkubwa wake atakasirika. Mkubwa anamwambia: Andika tu kwamba ni sawa, magari yanangoja nje. Hakuna mgonjwa hapo wa kumwonea huruma. Hakuna mtoto anayelia. Kuna kalamu na mstari mmoja mtupu.

Basi kijana wa namna hiyo akija kuomba barua ya parokia ili aende masomoni, sisi hatuanzi na alama zake. Hizo walimu wake wanazijua. Tunamwuliza jinsi alivyoshika kitabu cha sadaka mwaka ule alipokuwa mwandishi wa Chama cha Maria, na kama siku ile hesabu ilipopungua franka aliandika vilivyo, au alitafuta namna ya kuipatanisha.